Mate ya Fundi Aukot

Mzee Aukot, fundi wa pikipiki wa Lodwar, alichukia watu wa kulaumu kabureta ovyo. Mama Nakiru, muuza tumbaku, alikuwa ameshabadilisha mbili, na bado skuta yake kuukuu ilinguruma kama inafukuzwa hata akiachia mshiko wa mafuta.

"Inavuta hewa mahali," Aukot alimwambia kwa hasira.

Akaziba ekzosi na mdomo wa kabureta kwa vipande vya tyubu, akajaza upepo kidogo kwa pampu kupitia tundu la plagi. Kwa kawaida angepaka povu la sabuni, lakini mifereji ilikuwa imekauka tangu Jumatatu. Basi akatafuna tumbaku, akainama, akatemea mate kila kiungo cha injini. Shingoni mwa kabureta, mate yakatoa mapovu: hapo ndipo hewa ilipopenya. Akakata gasketi mpya ya kuziba hapo, akafunga, na skuta ikatulia.

Mama Nakiru akavua kitambaa, akainamisha kichwa. Kwao, mzee akikutemea mate amekubariki.

"Skuta umeibariki, mzee. Na mimi?"

Aukot alitaka kumweleza habari za hewa. Akaghairi, akamtemea utosini.

Siku hizi watu wanamletea hata skuta zisizo na hitilafu, azibariki. Hulalamika kwanza, kisha hutema.