Mama Ubaoni

Juma lililopita mjukuu wangu aliniletea kazi yake ya Kiingereza: sentensi tano zilizoungana bila nukta, naye azitenganishe. "Shosh, hii inaishia wapi?" Nilimwonyesha. Kisha, rafiki yangu, nikajikuta nimerudi katika darasa letu la mbao karibu na Olenguruone, mvua ikipiga mabati na harufu ya maua ya pareto ya mashambani ikiingia dirishani.

Nilikuwa darasa la sita. Mama alikuwa na wiki mbili kaburini. Asubuhi hiyo nyanya alinipa viazi vya kuchemsha na maziwa lala, akaniambia niende shule, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na la kufanya.

Mwalimu wa Kiingereza alitaka insha kuhusu safari. Niliandika jinsi Mama alivyopelekwa hospitali kwa trela ya trekta, ukurasa mzima, bila nukta hata moja. Desturi yake tuliijua: aliyesahau nukta alisimama mbele akasoma kwa pumzi moja mpaka ashindwe. Nikasoma.

"Hiyo ni treni ya Kisumu, haisimami!" akasema jirani yangu wa dawati. Darasa likacheka. Pumzi iliniishia kabla sijafika pale trekta ilipokwama.

Mwalimu alichukua daftari, akasoma yaliyobaki kimyakimya. Hakusema pole. Aliugeukia ubao, akaiandika upya insha yangu kwa sentensi fupi, kila moja na herufi yake kubwa. Mama alikuwa mgonjwa. Mvua ilinyesha. Trekta ilikwama. Tulimfunika kwa blanketi. Alifariki kabla ya daraja.

"Nakilini."

"Mwalimu, ni ya ukweli ama ametunga?"

"Andika, wewe!"

Watoto arobaini wakamnakili mama yangu. Hakuna aliyeniomba ruhusa, na hilo nalilalamikia hadi leo. Nyumbani, nyanya alikuwa akichambua maharagwe. Nilipomsimulia, aliuliza kama mwalimu aliandika jina la Mama. Nikasema hapana. Akaendelea kuchambua.

Baadaye nilitumikia serikali katika masjala, nikitunza faili za watu nisiowajua. Kwa hiyo hili nalo liwekwe sawa: kifo cha Mama hakikuandikishwa popote. Madaftari yale ndiyo yaliyokuwa maandishi pekee juu yake. Muhula ulipokwisha, kurasa za wenzangu zilitumika kufungia njugu sokoni, nyingine kuwashia moto. Langu lilibaki kwa mwalimu, naye akahamishwa.

Nilipostaafu nililiulizia daftari hilo katika ofisi ya elimu. Karani alinijibu kwa adabu kwamba madaftari ya wanafunzi hayahifadhiwi. Ni kweli. Hata mimi ningemjibu mtu hivyo hivyo.