Pikapu ya Taata Ilipowekewa Turbo

Makapi ya kahawa yakilowa mvua yana harufu yake, tamu kidogo, chachu kidogo, na mimi hainipeleki shambani kama watu wengine. Inanipeleka kwenye kiti cha mbele cha pikapu ya Taata, baba yangu, kule kwetu Kamachumu, kiti kilichopasuka, makapi yamejificha ndani ya sponji miaka nenda rudi.

Ilikuwa pikapu ya kijani, ya zamani hasa, taa zake za duara zimetokeza mbele. Taata aliipenda hata Mama akaiita mke mwenzake. Kilima cha kuja kwetu kiliitesa. Ikianza kupanda kutoka bondeni ilikohoa, ikalalamika, ikatoa moshi mweusi, na kijiji kizima kikajua mwenyewe anarudi. Mpaka ifike uani, ungeweza kumenya ndizi za watu sita.

Mimi nilizipenda dakika hizo kuliko mtu yeyote, na sababu yake ilikuwa siri. Taata na Babu, baba yake mzazi, walikuwa hawasemezani. Babu aligawa kibanja, shamba la ukoo, akampa mdogo wake Taata upande wenye migomba iliyonona, na huyo mdogo mtu yuko zake Mwanza, hata jembe halishiki. Taata, mtoto wa kwanza, akaona amedharauliwa. Akatutangazia mezani kwamba hakuna mguu wa nyumba hii utakaokanyaga kwa mzee. Babu alikuwa mjane, macho yamefifia, anaishi peke yake katikati ya kile kilima. Mama hakubishana. Alipika ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage kwenye sufuria kubwa zaidi, akanifungia bakuli kwenye kitambaa, akaniambia, "Ukisikia gari, acha kila kitu urudi." Nilikuwa na miaka tisa. Nilijua kabisa kwamba Taata akigundua, Babu atalala njaa.

Basi fikirieni hofu yangu Taata alipoipeleka pikapu kwa fundi mmoja wa Kahororo, mjini Bukoba. Ilikaa huko miezi. Bodi ikabaki ileile, imenyooshwa na kupigwa rangi ileile ya kijani, lakini chini ya boneti wakaweka injini ya Kijapani yenye turbo, na gia tano, na breki za diski, na usukani laini ambao hata mimi ningeugeuza kwa mkono mmoja. "Nje mzee, ndani kijana," fundi alimwambia Taata, naye akairudia sentensi hiyo kwa kila aliyesimama kutazama, mpaka nje ya kanisa.

Haikupita wiki. Alasiri moja nilikuwa natoka kwa Babu na bakuli tupu, niko katikati ya barabara penye kona, nikasikia kama upepo tu. Waitu! Pikapu hiyo hapo, inapanda kama inateremka. Nikajitupa kwenye migomba, bakuli likalia kwenye jiwe. Gari likapita, wala halikupunguza mwendo. Nilifika nyumbani nikamkuta Taata anakunywa maji. Aliniuliza tu kama mbuzi wamefungwa.

"Hakukuona," Mama alininong'oneza jikoni. "Mshukuru Mungu." Nilimshukuru kwelikweli, nilisali rozari nzima bila kulazimishwa.

Kesho yake Taata akaanza mtindo mpya. Akifika bondeni anapiga honi, ndefu, mara tatu, halafu anapanda taratibu. "Anaringia turbo yake," Mama akacheka. Nami nikacheka, maana honi ile ilinifaa kuliko kile kikohozi cha zamani. Babu akiisikia aliweka tonge chini, akashika fimbo, akaenda kusimama mlangoni. "Haya, mama, nenda," aliniambia. "Ameshafika."

Ikawa hivyo miaka minne, hadi Babu alipofariki. Hawakusemezana hata siku moja. Msibani Taata alisimama mbali, mikono nyuma, macho makavu, nami nikamchukia. Nasema wazi, nilimchukia. Nilienda sekondari na chuki yangu nikarudi nayo.

Mwaka jana, kwa kuwa magoti yanamsumbua sasa, Taata alinipa ufunguo nimpeleke kliniki Muleba. Tuliporudi nilikuwa mimi kwenye usukani. Tulipoikaribia ile kona nikaona jambo ambalo mtoto aliye chini hawezi kuliona. Kutoka kiti cha dereva barabara yote iko wazi, pamoja na kile kijia cha kwa Babu, tangu mlangoni pake. Kuku akivuka, unamwona. Sembuse mtoto mwenye gauni la njano na bakuli mkononi.

Nikapunguza mwendo. "Taata, siku ile uliniona."

Aligeukia dirishani, upande wa kile kijia.

"Alikuwa anamaliza?" akaniuliza.

Nikamwambia alimaliza siku zote, ila akisikia honi aliacha kwanza kula, akasimama mlangoni mpaka gari lipite. Taata akaitikia kwa kichwa, akatafuta leso mfukoni, asiipate. Miaka yote hiyo nilimhesabu kuwa mtu asiyemsalimu baba yake. Kumbe alimsalimu kila alasiri, mara tatu, na mzee aliinuka kumwitikia.