Ushindi wa Mzee Luhende Uliowekwa Kiporo

Simu ilipolia Alhamisi saa nne asubuhi, Hellen alikuwa na pini tatu mdomoni, anapima sare za kwaya kwenye chumba chake cha ushonaji pale Mirongo, Mwanza. Alipoona jina la baba yake mdogo, Maige, alizitema pini kiganjani. Wiki nzima ukoo ulikuwa ukisubiri hukumu ya Mahakama ya Rufani, na kwa haraka aliyokuwa nayo hata shikamoo aliisahau.

"Baba mdogo, tumeshinda?"

Nyuma ya Maige kuku walilia, na mwanamke naye alikuwa analia.

"Hellen, mwanangu," alisema, "kaka amepumzika. Amemaliza chai, akaegemea ukuta, basi."

Swali lile la kwanza lilimchoma Hellen njia nzima kutoka gati ya Kamanga hadi ng'ambo ya ziwa, kijijini kwao. Kivuko kilipokaribia kutia nanga ndipo alipotambua kwamba baba yake angelisikia, angelicheka mpaka akohoe. Akafuta machozi, akamshukuru Mungu kwa baba wa namna ile.

Mzee Luhende alikuwa mkulima wa mpunga na mzee wa kanisa. Mashamba yake yaligusana na matete ya ziwa, na kwenye matete kuna viboko. Kwa ajili ya hao alikuwa na bunduki yenye leseni, iliyofungwa kwenye kabati la chuma, na ufunguo aliuvaa shingoni. Bunduki ile ilikuwa na magazini, yaani kisanduku cha chuma kinachochomekwa chini yake, chenye kubeba risasi kumi. Kijiji kizima kiliihesabu magazini ile kuwa mlinzi wake.

Kisha ikaja barua ya serikali. Raia mwenye magazini ya zaidi ya risasi tano aisalimishe kituo cha polisi. Wenye bunduki kumi na mmoja wa mwambao ule walimtafuta wakili, binti wa Kihaya aitwaye Kemilembe, wakafungua shauri Mahakama Kuu, Mwanza. Siku shauri lilipopokelewa, Maige aliwatangazia watu kijiweni kwamba ile barua sasa ni ya kufungia maandazi, kwa kuwa jambo likishakuwa mahakamani hakuna wa kuligusa. Wengi waliamini hivyo. Akamshauri kaka yake aifukie magazini kwenye pumba za mpunga.

Luhende hakufukia kitu. Alimpigia Kemilembe, naye akamweleza bila kumficha: kufungua shauri peke yake hakusimamishi amri, amri inasimama pale tu mahakama inaposema isimame. Kesho yake mzee aliiviringisha magazini kwenye kanga ya marehemu mkewe, akaiweka kapuni, akaipeleka kituoni. Aliposimama kanisani kufundisha watoto amri kumi, alisema baadaye, hakutaka mtoto amwulize kuhusu ya kumi na moja.

Jina lake kwake lilikuwa kitu kikubwa kuliko mpunga. Lakini mpunga nao uliumia. Bila magazini, bunduki ilikula risasi moja moja. Alfajiri moja alipiga hewani kumtisha kiboko, kiboko akageuza kichwa tu, akamtazama kama mtu aliyekatizwa chakula. Mzee alianza kupapasa mfukoni kutafuta risasi ya pili huku anasoma Zaburi ya ishirini na tatu kwa kasi ambayo haijawahi kusikika. Alipofika bondeni mwa uvuli wa mauti, kiboko akaondoka zake. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe, na kila mara aliigiza macho ya kiboko.

Baada ya miezi minane Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Siku ile Luhende alimnunulia Hellen samaki sato mzima, akala kichwa yeye, akaenda kuichukua magazini yake. Alikaa nayo siku sita. Siku ya saba Yeremia, askari wa kituo, alimpigia simu kwa shikamoo ndefu isiyo ya kawaida. Serikali imekata rufaa, alisema, na mahakama ya juu imesimamisha ule ushindi mpaka rufaa isikilizwe.

Maige alikasirika kweli. "Kaka, umeshinda! Mshindi anarudishaje kombe?"

"Nimeshinda," Luhende alimjibu, akilitafuta kapu. "Ila ushindi wenyewe umewekwa kiporo. Kiporo hakiibiwi, Maige. Kinasubiriwa asubuhi."

Yeremia alipoipokea magazini tena, alimwambia chuma hiki kimesafiri kuliko yeye aliyeajiriwa na serikali. Wakacheka wote wawili, kisha mzee akamwomba aandike stakabadhi vizuri, mwandiko wa mara ya kwanza ulikuwa mbaya. Miaka miwili iliyofuata aliisubiri asubuhi yake bila kununa. Ijumaa hadi Ijumaa alimwuliza Hellen kwa simu kama majaji wameamka.

Sasa alikuwa amelala sebuleni, na Maige alikuwa na neno. Desturi ya kijiji ni kwamba mlinzi wa mashamba dhidi ya viboko huagwa kwa milio ya risasi kaburini. Alikuwa ameshamwendea Yeremia kuazima magazini, akakataliwa kwa upole. Sasa aliutaka ufunguo.

"Zitatoka moja moja, lakini zitatoka. Marehemu hashtakiwi."

"Leseni ilikuwa ya baba, imekwenda naye," Hellen alisema. "Wewe ndiye utakayeshtakiwa, baba mdogo. Na watu watasema nyumba ya Luhende ilitii mpaka mzee alipofumba macho tu."

Maige alikaa juu ya kinu. Akachora chini kwa kidole cha mguu kwa muda mrefu. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na Hellen hakujua kama analia au anacheka, maana vyote vilikuwepo.

"Hata akiwa amekufa ananishinda kesi," alisema.

Ijumaa waliipeleka bunduki kituoni pamoja. Yeremia alivua kofia, akaandika polepole, kwa mwandiko mzuri. Kemilembe alipiga simu kutoa pole, akaeleza kwamba hukumu imeahirishwa tena, na kwamba wale kumi waliobaki wanaendelea. Hellen alimwambia aendelee, asichoke.

Walimzika Jumamosi saa nane mchana, kando ya mkewe. Mchungaji Josephat alisoma Waraka wa pili kwa Timotheo, pale Paulo anaposema mwendo ameumaliza, imani ameilinda. Hapakupigwa risasi. Kwaya iliimba nyimbo tatu kwa Kisukuma. Wapwa wanne waliliteremsha jeneza kwa kamba, Maige akatupa udongo wa kwanza, Hellen wa pili, kisha watu wengine. Vijana walifukia kwa majembe, wakasimika msalaba wa mbao wenye jina na miaka. Hellen akaweka shada la maua. Mchungaji akatoa baraka, na watu wakarudi nyumbani kunawa mikono.