Bibi, wahakiki na viti vya jirani

Jamani, leo nimemuumbua bibi yangu.

Wahakiki wa kaya maskini zinazopewa ruzuku wamekuja hapa kwetu Mwazye. Bibi, kusikia wageni wa serikali, akaazima viti vizuri kwa jirani na kuchinja kuku wake wa pekee. (Ndivyo alivyo, mgeni kwanza!)

Mhakiki mmoja akatazama viti, akatazama kuku.
"Shikamoo bibi. Mbona hali yako nzuri?"
"Marahaba. Nzuri tu, mwanangu. Karibu ugali wa ulezi."

Nikaona kalamu inaelekea kulikata jina lake kwenye orodha.
Nikaropoka: "Viti vya jirani! Na kuku alikuwa huyo huyo mmoja!"

Jina limebaki.

Bibi amerudisha viti peke yake, kakataa nimsaidie.
"Umenivua nguo mbele ya wageni."

Nyie mngenyamaza?