Chumba Kisichopitisha Vumbi

Kaka yangu hakuwa mtu wa makuu. Watu wa mtaani waliposikia amefariki waliuliza kama ni moyo au sukari, maana mtu wa umri wake hutegemewa aondoke kwa moja ya hayo. Naandika ili waliomjua kwa jina la Bwana Kimya wajue alivyoishi, na jinsi kile alichokipenda kilivyomzunguka taratibu, huku sote tukikitazama na kukicheka. Mungu amrehemu.

Jina hilo alilipata ujanani, alipokuwa mwendesha mashine kwenye ukumbi wa sinema. Alikuwa akitoa kichwa kwenye kitundu cha chumba cha mashine na kuwafokea wapiga soga, "Kimya huko!" Siku hizo filamu ilifika ndani ya makopo bapa ya bati, kila kopo na kipande chake. Mara moja ililetwa filamu ambayo kopo lake la mwisho halikufika, na meneja akaamuru ionyeshwe hivyo hivyo. Skrini ikabaki nyeupe wakati mwanamke amesimama stesheni na sanduku lake, treni inaingia. Watu waling'oa viti. Kaka alitorokea dirisha la nyuma, ila kilichomuuma si vile viti. "Alipanda au hakupanda?" aliuliza maisha yake yote, mpaka wifi yangu, alipokuwa hai, akawa anamjibu, "Alipanda, mume wangu. Alichoka na wanaume wenye maswali."

Ukumbi ulipogeuzwa ghala la saruji, kaka akajifunza kutengeneza friji. Lakini filamu hazikumtoka moyoni. Akaja kugundua kwamba ng'ambo kuna kampuni ndogo ndogo zinazosaka filamu za zamani, kuzisafisha mikwaruzo picha kwa picha, na kuzitoa upya kwenye diski. Hutoa nakala chache tu, ndani ya boksi gumu lenye mchoro wake na kijitabu cha maelezo. Zikiisha, ndiyo basi. Akawa anaziagiza moja moja kwa posta, na mtu angedhani anapokea mjukuu.

Baada ya msiba wa wifi alihamia chumba cha uani, katika nyumba aliyotuachia mama, nami nikiishi upande wa mbele. Jirani yetu seremala alimtengenezea rafu ukuta hadi ukuta. Hapo ndipo vita na vumbi vilipoanza. Jua lilififisha rangi za maboksi, unyevu ulitia ukungu vijitabu. Kaka akabandika nailoni nzito dirishani, akaziba matundu ya hewa kwa saruji, kisha akafanya jambo ambalo fundi friji peke yake angelifikiria: alichukua mipira ya milango ya friji mbovu akaigundisha kuzunguka fremu ya mlango wake. Ukiufunga, ulinata. Ukiufungua, ulivuta pumzi.

"Mzee," seremala alimwambia, "hiki ni chumba au ni friji?"

"Kwani kwenye friji kitu kinaharibika?"

"Hakiharibiki. Lakini hakiishi pia."

Tulicheka, hata yeye.

Umeme ulipokuwa ukikatika aliwasha jenereta dogo lililokaa nje, chini ya bati. Masika yalipolilowesha likazima katikati ya filamu, akalihamishia stoo iliyopakana na chumba chake, akatoboa ukuta kupitisha waya. Tundu lilikuwa kubwa kuliko waya. Tangu hapo akaanza kulalamikia kichwa. Akasema ni miwani, akabadili miwani. Asubuhi moja nilipofagia kwake nikakuta mijusi miwili imekufa nyuma ya mlango, miguu juu.

"Ni dawa ya mbu," alisema.

"Kaka, hujapuliza dawa humu. Unaogopa itachafua maboksi yako."

"Basi wamekufa kwa uzee. Dada, niache."

Nilimwomba seremala azungumze naye, akamwambia waziwazi kwamba moshi wa jenereta unaingilia tundu lile. Kaka akalisokomeza kitambaa, akaona yamekwisha. Usiku na mchana nilimtaja katika sala zangu.

Kisha Jumamosi moja kifurushi kikafika. Nilijua ni nini kabla hajanena, kwa jinsi alivyokipangusa kwa shati lake. Kampuni moja ilikuwa imekipata kile kipande cha mwisho katika ghala la mtu, ikaiunganisha filamu nzima. Akaligeuzageuza boksi, na yule mwanamke alikuwa pale juu, na sanduku lake.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na mvua inamwagika.

"Subiri umeme urudi," nilimwambia. "Hata kesho. Haikimbii."

"Nimesubiri tangu nina nywele."

"Angalau fungua mlango."

"Mvua hii? Unataka vijitabu viote uyoga?" Akanishika bega, jambo ambalo hakulizoea. "Nenda kasali, mama mchungaji. Ukirudi nitakwambia kama alipanda."

Nilikuwa nimeahidi kwenda kwa jirani mgonjwa, tukasome Neno na kumwombea. Nilipokuwa natoka nilisikia jenereta likikohoa, likashika.

Mvua iliponyamaza nilirudi. Umeme ulikuwa umesharudi, redio zinaimba nyumba hadi nyumba. Seremala alikuwa amesimama kwenye geti letu, kofia mkononi.

"Dada, Bwana Kimya hajui kuwa umeme upo? Jenereta bado linanguruma."

Tulikwenda uani tukigonga na kuita. Seremala akausukuma mlango kwa bega, ile mipira ikaachia, na hewa iliyotupiga usoni ilikuwa nzito, ya joto, ikatushika kooni. Kitambaa cha kwenye tundu kilikuwa kimeanguka. Kaka alikuwa kitini, kidevu kifuani, uso una rangi nzuri kama ya mtu aliyetoka kuoga. Nailoni ya boksi ilikuwa imekunjwa vizuri kwenye paja lake. Nilimgusa shingo, nikajua.

Kwenye televisheni ilikuwapo ile picha ya kuchagulia ambayo diski huanza nayo, mwanamke na treni, kipande kifupi cha muziki kinakwisha na kuanza tena. Diski hurudi hapo filamu ikimalizika. Hukaa hapo pia kama hujabonyeza kitu. Rimoti ilikuwa sakafuni. Katika sala zangu namwomba Mungu iwe alifika mwisho, na simwombi anijulishe.

"Niizime, dada?" seremala aliuliza, akikohoa, mkono tayari uko kwenye televisheni.

"Anza na jenereta," nilimwambia. "Sisi bado tunapumua."