Mrithi wa Nyumba ya Mlimani

Kwetu Uchagani nyumba ya baba huenda kwa mtoto wa kiume wa mwisho. Kaka mkubwa hukatiwa shamba lake akajitegemee, na sisi wasichana hupewa baraka na kuambiwa tukaolewe vizuri. Hivyo mdogo wangu alizaliwa tayari ana nyumba, migomba, kahawa na makaburi ya kutunza, na mimi niliyembeba mgongoni nikaambulia mgongo unaouma. Zamani nilinuna sana. Siku hizi nataka kulia nikimtazama.

Anaishi nasi huku ughaibuni, mjini Crystal, kwenye chumba cha chini, na ofisi yake iko Golden Valley. Ni muungwana hasa. Theluji ikianguka huvaa mabuti na kubeba viatu vyake vya ngozi kwenye mfuko, akavibadilishe mlangoni mwa kanisa. Wanangu humcheka. Yeye hutabasamu tu. Mtu aliyemzidi umri akimwambia jambo lolote, jibu lake ni moja: "Sawa."

Baba alipofariki, baba mkubwa alipiga simu, tukamsikiliza wote mezani.

"Wewe ndiye mwenye nyumba," alimwambia. "Mama yako anakushikia tu. Utengeneze paa, mrithi haingii nyumba inayovuja. Halafu urudi na mke atakayekaa hapa na mama yako."

"Sawa, baba mkubwa."

Paa likaisha, ukaja ukuta, ukuta ukazaa tangi la maji. Kila Krismasi mbuzi akichinjwa kule, baba mkubwa alitupigia kwa video atuonyeshe sahani yenye sehemu ya mrithi. Nyama ile aliila nani baadaye, Mungu ndiye ajuaye. Ng'ombe wake mwenyewe alikuwa ameshawahamishia kwenye zizi letu.

Na wa kumwoa alikuwepo. Alikuwa nesi, Mkenya, mwenye binti mdogo, na alikuwa akiimba kwaya pamoja na mdogo wangu. Sijawahi kumsikia mdogo wangu akicheka kwa sauti kama miezi ile. Alipomweleza habari za kurudi mlimani, yule dada hakuzunguka.

"Mtoto wangu ako shule hapa," alimwambia, nami nipo jikoni nawapikia. "Siwezi hamia huko, na sitaki kukudanganya."

Alipoondoka nilimshika mdogo wangu mkono. "Muulize mama. Usimuulize baba mkubwa, muulize mama mwenyewe."

"Dada, mama yuko peke yake kwenye nyumba ile. Nimpigie simu nimwambie siji?"

Hakumpigia. Aliachana na yule dada kwa upole na heshima, akatoka kwaya, akahamia kanisa jingine ng'ambo ya mto, Saint Paul. Nilimwita mjinga mbele ya wanangu. Akasema sawa.

Mwaka jana tulimleta mama atembee, awaone wajukuu, na magoti yake yaangaliwe. Tiketi ya kurudi ilipokaribia, mdogo wangu alimwambia wakati wa chai kwamba ukuta umeisha, tangi limefungwa, ameshaaga kazini na wataondoka wote wawili.

Mama aliweka kikombe chini. "Kwenda kufanya nini?"

"Kukaa nyumbani, mama. Kwako."

"Kwangu wapi? Mimi nimekaa pale nikikushikia wewe. Shemeji yangu aliniambia unaitaka ile nyumba kuliko kitu chochote. Giza likiingia ninaongea na paka, mwanangu. Ungesema huitaki, ningefunga mlango siku tuliyomaliza matanga."

"Nilidhani wewe ndiye unayeitaka," alisema mdogo wangu.

Mimi nilitamani kumpigia baba mkubwa nimtukane, lakini kumtukana kungerudisha nini? Mama hakurudi tena. Mdogo wangu aliwaomba kazini wamrudishie nafasi yake, nao wakakubali.

Baridi ilipoanza tulimpeleka mama dukani Roseville kumnunulia koti. Tulikuwa tunamjaribisha moja refu la bluu mwanamke mmoja alipotukaribia akisukuma mtoto kwenye kigari, mumewe nyuma yake, na binti mrefu kando akitazama simu. Nilimtambua kabla hajafika. Mdogo wangu alisimama wima na kumsalimia kwa adabu, akampa mumewe mkono.

Yule dada alimgeukia mama, akainama kidogo. "Shikamoo, mama."

Kwao hawana shikamoo. Alifundishwa na mdogo wangu, mezani kwangu, walipokuwa wakijiandaa kwa siku atakayokutana na mama yetu.

"Marahaba, mwanangu," alisema mama, akamshika mikono yote miwili, akamsifia mtoto, akamwombea. Walipoondoka aliwatazama mpaka wakapotea kati ya watu.

"Nani yule? Ana adabu huyo," alisema. "Ungenitafutia mkwe kama yule, ningekuja kukaa huku tangu zamani, na nyumba ningewaachia ng'ombe."

"Sawa, mama," alisema mdogo wangu.

Akapiga goti sakafuni na suti yake, akamfungia mama zipu ya koti kuanzia chini mpaka kidevuni, taratibu, bila kuinua uso. Mimi niligeukia makoti yaliyotundikwa nikalia, na muuza duka akaja kuniuliza kama nimepata saizi yangu.