Funza Wasio na Miguu

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na hadi leo ikinijia naona aibu. Ilikuwa miaka ya tisini, nimeolewa hapa Misunkumilo hata mwaka haujaisha. Jirani yangu Mama Kulwa, Msukuma aliyehamia huku na watu wake na ng'ombe wao, alinipa samadi nikapandia kabichi. Nilitaka sana mama mkwe aone kwamba najua kulima.

Asubuhi moja nikakuta miche kadhaa imelala, imekatwa shinani. Nikachimbua: funza weupe wamejaa kwenye samadi. Basi, nikawa nimeshapata wa kumlaumu. Kisimani nikawatangazia wanawake kwamba samadi ya Mama Kulwa inaua miche, wasiipokee. Yangu nikaizoa yote nikaimwaga. Kesho yake miche mingine ikalala.

Mama Kulwa akaja mwenyewe, maneno yameshamfikia. Hakupandisha sauti.

"Nionyeshe hao wadudu."

Nikampeleka pale nilipoimwaga samadi. Akamlaza funza mmoja kiganjani. "Miguu yake iko wapi, mayu?" akaniuliza, akiniita mama kwa Kisukuma.

Nikainama. Hana. Nikamgeuza kwa kijiti. Hata kichwa sikukiona, ncha tu iliyochongoka.

"Huyu mtoto wa nzi, anakula uozo. Mche wako ataukata na nini?"

Kisha akaenda bustanini, akafukua kando ya mche ulioanguka. Akatoka mdudu wa kijivu, ana miguu, ana kichwa kigumu, alipoguswa akajikunja. Sota, mkata miche mwenyewe! Nilisahau hata ugomvi, nikabaki nafukua na kulinganisha, maana sikuwahi kuwaangalia wadudu hivyo.

Alipoondoka akasema, "Huku kitu chochote kikiharibika, lawama ni za ng'ombe wetu. Nimezoea. Ila wewe nilikuhesabu ndugu."

Iliniuma. Nikarudi kisimani, nikawaambia wale wale kwamba nilisema uongo. Walinicheka, na nilistahili. Wale funza niliwaweka kwenye kopo la samadi, nikafunika kitambaa. Baada ya siku kadhaa wakatoka nzi, nikampelekea Mama Kulwa aone. Akacheka kidogo. Samadi alinipa tena, lakini ilipita misimu miwili ya mvua kabla hajaketi jikoni kwangu.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikuta kitu kimeharibika, piga magoti kwanza uangalie vizuri, tena kwa hamu ya kujua. Jina la mtu lisitoke mdomoni mwako kabla hujamaliza kuangalia. Mungu akujalie macho yenye subira, na jirani atakayekufungulia mlango siku utakayokosea.